Saa za Angani na Saa za Njiani

Ndugu msomaji, wiki hii naomba radhi nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha haya nitakayoyaeleza.

Mwezi wa Aprili, mwaka 2018, dada yangu mkubwa alifariki dunia nyumbani kwake Ihanda, wilayani Karagwe, katika Mkoa wa Kagera. Ilikuwa Jumatatu alfajiri. Aliacha mume na watoto wanne. Watatu walikuwa karibu naye. Wa nne, ambaye ndiye kifungua mimba, alikuwa Leeds, Uingereza, akifanya kazi ya uuguzi. Mimi nilikuwa hapa Dar es Salaam.

Haikutimia saa tatu asubuhi shemeji yangu akanipigia simu. Hakuwa na maneno mengi. "Shemeji, wazee wamekaa. Wanauliza mtoto atafika lini, wapate kupanga siku ya kuzika. Wewe ndiwe mjuzi wa mambo ya ndege."

Sifa hiyo, nakiri mbele yako, ilinipendeza hata katika huzuni ile. Ni kweli kwamba tangu ujana wangu nimekuwa mpenzi wa ramani, na nyumbani ninalo tufe la dunia nililomnunulia mwanangu alipokuwa darasa la tano, ambalo hulitazama zaidi mimi kuliko yeye. Basi nilichukua uzi, nikaunyoosha juu ya tufe kutoka London hadi Dar es Salaam, nikapata kama kilomita 7,500. Ndege kubwa ya abiria huenda mwendo wa kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa tisa. Nikaongeza saa mbili za kuruka hadi Bukoba, na saa mbili na nusu za gari hadi Ihanda. Jumla haikutimia saa kumi na nne. Nikasema moyoni: akiondoka usiku wa leo, kesho mchana yupo. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari, nikaongeza siku nzima. Nikamwambia shemeji, "Tangazeni Jumatano saa nane mchana. Atakuwa amekwisha kufika tangu Jumanne."

Nilijiona hata nimekuwa mkarimu wa saa.

Hapa inafaa nikuambie kwamba kipimo cha uzi kilikuwa sahihi. Wazazi wenye watoto wa shule wanaweza kukijaribu jioni ya leo, kwani hakigharimu kitu. Rula juu ya ramani ya ukutani hudanganya, maana dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Nchi za kaskazini mwa dunia hutanuliwa katika ramani nyingi, na njia inayoonekana kuwa imenyooka si lazima iwe ndiyo fupi. Uzi ulionyoshwa vema juu ya tufe hujitafutia wenyewe njia iliyo fupi kuliko zote. Kisha uzi huo upime juu ya mstari wa ikweta wa tufe lile lile. Mzingo wote wa ikweta ni kama kilomita 40,000. Ikiwa uzi wako umekula robo yake, umbali ni kilomita 10,000. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita huimudu. Wala sikukosea katika umbali. Umbali ule ulikuwa sahihi, na usahihi wake ndio uliotudanganya sote.

Jumanne asubuhi nilipanda ndege ya Bukoba. Siku ile anga lilikuwa jeupe. Tulitua Mwanza kidogo, tukavuka ziwa, na kabla ya saa tano nilikuwa Bukoba. Njia hiyo ina jambo la kushangaza. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, kwa mstari wa moja kwa moja, ni kama kilomita 1,025. Ukipitia Mwanza, ni kama 853 hadi Mwanza na 175 za kuvuka ziwa, yaani 1,028. Kilomita tatu tu za ziada! Mwanza iko karibu kabisa juu ya mstari wenyewe. Lakini kule kutua, kushusha watu na mizigo, kupandisha wengine, na kuruka tena, humla abiria karibu saa nzima. Kama ningekuwa na akili timamu siku ile, ningekuwa nimejifunza papo hapo kwamba kilomita tatu zinaweza kuchukua saa moja. Sikujifunza. Nilifurahi kwamba hesabu yangu ya saa mbili na kitu imetimia, nikapanda gari kwenda Kyaka, nikaiacha barabara ya Mutukula, na kuanza kupanda vilima vya Karagwe.

Nilipofika Ihanda niliwasha simu, nikakuta ujumbe wa mpwa wangu: "Mjomba, nimepata tiketi. Natua Dar kesho 14:30. Ndege ya Bukoba ni keshokutwa asubuhi. Tafadhali mningoje."

Kesho, saa nane na nusu mchana. Sisi tulikuwa tumetangaza kuzika kesho, saa nane.

Nilikwenda kwa wazee chini ya mwembe nikawaeleza. Walinisikiliza kwa heshima. Tangazo lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani. Ndugu wa upande wa Uganda walikuwa tayari njiani. Mwili ulikuwa wa kutolewa chumba cha maiti asubuhi, na vijana walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba kule kwenye migomba. Mzee mmoja aliniuliza swali moja tu: "Wewe si ulisema jana atakuwa hapa leo?" Sikuwa na jibu. Akasema kaburi likichimbwa haliachwi likalala wazi. Shemeji yangu alitazama chini, hakusema neno.

Tukazika Jumatano.

Sasa tuifuate safari ya mpwa wangu kwa saa za kwetu, upate kuona mahali ambapo mjuzi wa ndege alipotea. Kwanza, hakukaa London. Leeds iko mbali na uwanja wa Heathrow, mwendo wa saa tano na zaidi kwa basi. Aliondoka kwake Jumanne saa kumi na moja alfajiri za Uingereza, ambazo kwetu mwezi wa Aprili ni saa moja asubuhi. Alitakiwa awe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka. Ndege yake iliondoka saa nane mchana za kule, ikaruka saa saba, ikatua Dubai usiku wa manane. Ndege ya Dar es Salaam ilikuwa ya asubuhi. Akakaa pale saa kumi, kitini, na mkoba mapajani. Kisha saa tano na nusu angani, akatua hapa kwetu wakati ule ule tulipokuwa tukirudisha udongo. Ndege za Bukoba siku ile zilikuwa zimekwisha kuondoka. Akalala Dar es Salaam kwa rafiki, bila kulala.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliruka tena. Mwanza walitua vizuri. Walipofika juu ya Bukoba, mji hawakuuona.

Wakazi wa Kagera hawahitaji kuelezwa jambo hili, lakini wa Dar es Salaam na Morogoro huenda hawalijui. Ziwa Victoria hutengeneza hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo hushuka kutoka kila upande kwenda ziwani, hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu ya mvua hukusanyika, na upepo wa mashariki huyasukuma mpaka ukingo wa magharibi, mahali Bukoba ilipo. Kwa hiyo mvua za Bukoba aghalabu ni za usiku na asubuhi, na Aprili ndio mwezi wake mkubwa. Uwanja wa ndege uko ukingoni mwa maji, na vilima viko nyuma yake. Rubani alizunguka, akazunguka tena, kisha akatangaza kwamba wanarudi Mwanza. Walikaa Mwanza saa mbili na zaidi. Alitua Bukoba saa saba mchana, na saa kumi jioni gari liliingia Ihanda.

Tangu kufunga mlango wake kule Leeds hadi kuingia uani kwa mama yake zilipita saa 57. Za angani, pamoja na ule mzunguko wa bure juu ya ziwa, zilikuwa kama 16. Zilizobaki, saa 41, ni za basi, za foleni, za viti vya kungojea, za usiku na za gari. Mimi nilihesabu zile 16, tena si zote.

Alishuka garini, akanisalimu, akasema, "Mjomba, mlishindwa kuningoja siku moja?" Kisha akaenda kwenye migomba.

Jioni ile tulimlaumu rubani. Ndivyo tulivyo; ikiwa pana mtu asiyekuwapo, lawama humfuata huyo. Wapo waliosema kwamba kama angekuwa na moyo angetua tu, na binti angalau angewahi wageni kabla hawajatawanyika. Nami niliitikia kwa kichwa, kwa kuwa ilinipunguzia mzigo. Miaka minne baadaye niliyakumbuka maneno yale kwa aibu. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Watu 24 waliokolewa, na wavuvi wa pale na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafikia. Siku ile nilimpigia simu mpwa wangu, na hatukuzungumza jambo lingine ila ule mzunguko wa Aprili 2018 na yule rubani aliyekubali kuchukiwa.

Labda, ndugu msomaji, utauliza kwa nini ndege isimchukue mtu London imlete moja kwa moja. Wazee wetu wanaikumbuka VC10 ya East African Airways, iliyounganisha London na Afrika Mashariki kabla ya shirika lile kuvunjika mwaka 1977 na Tanzania kuunda lake mwezi wa Machi mwaka ule ule. Ndege hutofautiana kwa uwezo wa kubeba mafuta kama watu wanavyotofautiana kwa pumzi. Mfano mmoja ulitupata sisi wenyewe. Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya Shirika la Ndege Tanzania iliruka kutoka Mwanza kuja Dar es Salaam, safari isiyofika saa mbili. Vijana waliiteka nyara, wakitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Abiria wale waliotarajia kula chakula cha mchana Dar es Salaam walijikuta Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwisho uwanja wa Stansted karibu na London, mahali watekaji walipojisalimisha. Waliteremka kila mahali kwa sababu ndege ya namna ile haina pumzi ya kufika Uingereza kwa mruko mmoja. Naona ndiyo safari ndefu kuliko zote zilizowahi kuanza Mwanza kwa tiketi ya Dar es Salaam.

Tufe langu lilinifunza jingine baada ya msiba, maana usiku wa pili sikupata usingizi nikaendelea kupima kichwani, na niliporudi Dar es Salaam nikauchukua uzi tena. Kutoka London hadi Bukoba, kwa njia ya tai, ni kama kilomita 6,600. Hadi Dar es Salaam ni 7,500. Yaani Ihanda iko karibu zaidi na London kuliko Dar es Salaam ilivyo! Mpwa wangu alikwenda kwanza mashariki hadi Dubai, kama kilomita 5,500. Akashuka kusini karibu 4,000 hadi Dar es Salaam. Kisha akarudishwa kaskazini magharibi 1,025. Jumla kama 10,500, kwa mahali palipo kilomita 6,600 tu. Juu ya tufe, safari yake ilifanana na ya mtu anayetoka Kariakoo kwenda Ilala kwa kupitia Mbagala. Kutoka Kayanga, makao makuu ya Karagwe, hadi Kigali ni kama kilomita 120 kwa mstari wa moja kwa moja, na leo Kigali ina ndege ziendazo London bila kutua njiani. Entebbe nayo iko ng'ambo tu ya ziwa, kilomita 170 kasoro kidogo kutoka Bukoba. Lakini usiuamini mno mstari wangu. Tumekwisha kuona ulivyotufanya. Barabara huzunguka vilima, mpaka una saa zake, na hati za kusafiria hazipimwi kwa uzi.

Kadhalika liko suala la saa zenyewe, ambalo limewapoteza wengi wasio na msiba wowote. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu, nasi tunaishi kwa saa zetu. Kupunguza sita si kazi: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Mtego uko usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:40, sisi tuliolelewa kuhesabu kwamba usiku hufuata mchana wake husoma "usiku wa tarehe 15", tukaenda uwanjani jioni ya tarehe 15. Ndege iliondoka jana yake! Saa ile ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15, na abiria anatakiwa uwanjani tarehe 14 kabla ya saa nne za usiku. Mwandikie mzazi wako maneno hayo kwa Kiswahili kamili, "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano", pembeni mwa tiketi, kwa kalamu nzito.

Tena saa za nchi si moja. Kwetu hazibadiliki mwaka mzima. Uingereza iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Dubai iko mbele yetu saa moja. Kwa hiyo kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, kama zilivyoandikwa, hakukupi muda wa safari mpaka kwanza uzilete zote kwenye saa ya ukutani kwako. Na ndege iendayo upande wa mashariki katika anga za kaskazini husukumwa na upepo, irudipo hukabiliana nao. Usishangae kwenda kukiwa kufupi kuliko kurudi.

Wakati mwingine nikikaa na watoto wa pale Ihanda huwasimulia kwamba Karagwe imekwisha kungojea wageni wa kutoka Uingereza kabla ya leo. Speke na Grant waliondoka pwani mwanzoni mwa Oktoba 1860, wakamfikia Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa Novemba 1861. Karibu miezi kumi na minne kwa miguu. Speke alipoendelea kwenda Buganda Januari 1862, Grant alibaki Karagwe miezi kadhaa kwa sababu ya kidonda cha mguu. Watoto hucheka. Mmoja aliniuliza kama Rumanyika alitangaziwa siku watakayofika. Nikamwambia habari za wageni zilitangulia mbele yao kwa miguu ya wajumbe, na kwa hiyo hakuna aliyepika chakula kabla ya wakati. Nadhani wajumbe wale walijua kuhesabu safari kuliko mimi, maana walikuwa wameikanyaga wenyewe.

Mwaka 2023, katika mvua za mwezi wa Novemba, shemeji naye alitutoka. Simu ilinifikia tena, safari hii kutoka kwa mdogo wake, na swali likawa lile lile. Tufe lilikuwa mbele yangu juu ya kabati. Nikasema, "Mpigieni mwenyewe. Msiniulize mimi." Wakampigia. Aliwaomba saa moja ya kutafuta, kisha akawajibu: nihesabieni siku tatu na usiku wake, na Dar es Salaam sipiti. Wazee wakatangaza siku ya tano. Mwembe ulinung'unika kidogo, na gharama za chumba cha maiti ziliongezeka, tulichanga.

Alitua Entebbe, akapita Masaka na Mutukula, akashuka Kyaka na kupanda vilima usiku katika mvua. Tulisikia gari saa saba usiku wa kuamkia siku ya maziko. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na jeneza lilikuwa bado juu ya meza. Wanawake walisogea, wakampa kiti upande wa kichwa.